Daraja Lishuke Wapi? Waenda kwa Miguu, Mwendo wa Magari na Mvutano wa Kuvuka Barabara Kuu

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mjadala wa daraja la waenda kwa miguu huanza na maiti barabarani. Mtu amegongwa alfajiri akiwahi kibarua, vijana wamechoma matairi, malori yamejipanga pande zote mbili, na kiongozi fulani amefika kuwatuliza watu kwa ahadi kwamba daraja litajengwa. Siku chache baadaye huitishwa mkutano wa hadhara kwa chifu au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na hapo hudhihirika kwamba wakazi waliokuwa kauli moja siku ya matairi hawana kauli moja kuhusu daraja lenyewe. Muuza mboga anataka lishuke mbele ya stendi, waliko wateja wake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hataki ngazi zimzibie mlango. Mzazi anataka lifike karibu na lango la shule. Mzee mwenye fimbo anauliza atapandaje. Naye dereva wa matatu anasema daraja lipo tayari kule mbele, shida ni watu wavivu wasiotaka kulitumia.

Kauli ya huyu wa mwisho ndiyo inayosikika zaidi redioni, ndiyo inayopendwa na wakuu wa usalama barabarani, na ndiyo iliyoharibu mjadala huu kwa miaka mingi. Imegeuza swali la uhandisi kuwa swali la tabia. Makala haya yanatetea msimamo tofauti: kwamba wakazi wanaodai daraja wana haki kamili ya kulidai, lakini daraja litaokoa maisha pale tu litakaposimama kwenye njia ambayo watu wanapita tayari, na pale tu magari yaliyo chini yake yatakapolazimishwa kupunguza mwendo. Likikosa masharti hayo mawili, huwa ni zege la kumtupia lawama marehemu.

Barabara ya Thika ndiyo shule nzuri kuliko zote katika jambo hili. Upanuzi wake ulianza mwaka 2009, ukafanywa na kampuni tatu za Kichina, yaani China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Exim ya China na serikali ya Kenya. Rais Mwai Kibaki aliizindua Novemba 2012. Ni kilomita 50 hivi kutoka Nairobi hadi mji wa Thika, na katika sehemu yake pana zaidi ina njia nane, mbali na barabara za huduma za pembeni. Wakenya waliipokea kwa fahari, na fahari hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu safari iliyokuwa ikimaliza asubuhi nzima ilipungua sana kwa mwenye gari.

Lakini barabara ile haikupita nyikani. Ilipita Githurai, Roysambu, Kahawa, Ruiru na Juja, mitaa ambayo soko liko upande mmoja na vyumba vya kupanga viko upande wa pili. Mtu wa Githurai aliyezoea kuvuka mara nne kwa siku kwenda kununua sukuma, kumpeleka mtoto shule, kupanda gari na kurudi, aliamka na kukuta mtaa wake umekatwa vipande viwili. Mwaka huohuo wa uzinduzi, Muungano wa Vyama vya Wakazi nchini Kenya, KARA, kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, ulichapisha tathmini ya athari za mradi kwa jamii, na suala la kuvuka lilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya wakazi. Baadhi ya madaraja ya waenda kwa miguu yalikamilika baada ya magari kuwa yameshaanza kwenda kasi. Kule Witeithie, karibu na Juja, wakazi waliwahi kuifunga barabara wakidai daraja. Tofauti ya wakati kati ya kuwapa wenye magari kasi na kuwapa waenda kwa miguu pa kupita ndiyo inayoeleza mengi ya yaliyofuata, na haikuwa bahati mbaya ya ratiba. Ni mpangilio wa nani anahesabiwa kwanza.

Kabla ya kumhukumu anayevuka chini ya daraja, inafaa kupiga hesabu ambayo yeye huipiga kwa macho kila siku.

Barabara yenye njia nne kila upande, pamoja na nafasi ya katikati na kingo zake, ina upana wa mita 45 hivi. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka moja kwa moja kunamchukua sekunde 38. Sasa apande daraja. Ili malori yapite chini bila kugonga, sakafu ya daraja inabidi iwe mita 6 na zaidi kutoka ardhini. Kwa ngazi zenye kimo cha sentimita 15, hizo ni zaidi ya 40 za kupanda na nyingine zaidi ya 40 za kushuka. Akiwa na kiti cha magurudumu, mkokoteni au mtoto kwenye kigari, anahitaji rampu, na rampu isiyomchosha mtu inapanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu. Rampu ya kufikia mita 6.5 ina urefu wa mita 78 kila upande, bila kuhesabu vituo vya kupumzikia. Safari ya mita 45 imekuwa ya mita 200. Na hapo hesabu imemchukulia mtu aliyesimama miguuni pa daraja. Kama daraja liko mita 300 kutoka pale anaposhuka kwenye gari, na anapokwenda pako mkabala na aliposhukia, ana mita 600 za ziada, ambazo ni dakika nane za kutembea, mara nyingi juani au kwenye tope, na mzigo kichwani.

Watafiti Moore na Older walilichunguza jambo hili Uingereza, na matokeo yao ya mwaka 1965 hayajapitwa na wakati. Waligundua kwamba matumizi ya daraja hutegemea uwiano wa muda: kama kupita darajani kunachukua muda uleule wa kuvuka chini, watu wengi hupita darajani, kama kunachukua muda mara moja na nusu, karibu hakuna anayepanda. Hao walikuwa Waingereza wa miaka ya 60, wenye sifa ya kupanga foleni. Hawakuitwa wavivu wala watovu wa nidhamu. Walichukuliwa kama watu wanaothamini wakati wao. Mkazi wa Kahawa, au wa Kimara jijini Dar es Salaam, anastahili heshima hiyohiyo ya kufikiriwa kuwa ana akili timamu.

Ushahidi wa wapi daraja lingepaswa kuwa upo wazi kwa yeyote atakayeshuka kwenye gari na kuangalia. Kando ya barabara kuu yoyote inayopita mjini kuna vijia vilivyochorwa na nyayo kwenye majani ya ukingo, vimenyooka kutoka stendi hadi uchochoro wa upande wa pili. Pale penye uzio, waya umekatwa kwa kiasi cha mtu kupenya akiinama, na ncha zake zimekunjwa nje ili zisichane nguo. Pale penye ukuta wa zege katikati, kuna jiwe au tofali limewekwa kila upande kuwa kipandio, na juu ya ukuta rangi imefutika kwa mikono na nyayo. Hakuna mshauri mwelekezi anayeweza kutoa ramani sahihi kuliko hiyo. Watu wamekwisha kupiga kura kwa miguu, mchana na usiku, kwa miaka, na kura yao inaonekana kwa jicho. Inasikitisha kwamba hatua ya kawaida ya mamlaka ikishaona kijia cha namna hiyo ni kuongeza uzio.

Halafu huja misako. Mara kwa mara polisi wa trafiki jijini Nairobi, pamoja na maafisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, wamewakamata wanaovuka chini ya madaraja na kuwafikisha mahakamani. Faini wanayotozwa huko inamwangukia mfanyakazi wa kiwandani na mwanafunzi, watu ambao siku ya kushinda mahakamani ni siku isiyo na mshahara au masomo. Wanaotetea misako husema inaokoa maisha, na wapo maafisa wanaolisema hilo kwa moyo safi, kwa kuwa wao ndio wanaookota miili. Ila siku ya msako ikiisha, umbali wa kufikia daraja unabaki uleule na sababu za kulikwepa ni zilezile. Mwendo wa magari nao haujashuka hata kidogo, na huo ndio unaoua.

Kuhusu mwendo, takwimu zinajieleza. Mwaka 2024 Kenya ilipoteza watu 4,748 barabarani kwa hesabu ya NTSA, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wakitembea kwa miguu. Duniani kote, kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, waenda kwa miguu ni chini kidogo ya robo ya vifo vya barabarani, ambavyo ni milioni 1.19 kwa mwaka. Shirika hilohilo linaeleza kwamba kila ongezeko la asilimia 1 la wastani wa mwendo huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4, na kwamba mtu aliyegongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa yuko katika hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya aliyegongwa na gari la kilomita 50 kwa saa. Kilomita 15 tu ndizo zinazomtenganisha anayetoka na mguu uliovunjika na yule anayesafirishwa kwenda kuzikwa kwao.

Hesabu nyingine ndogo inaonyesha kwa nini. Njia nne za magari kwa upande mmoja zina upana wa mita 14 hivi. Mtu mwenye nguvu anazivuka kwa sekunde 12. Gari la kilomita 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo 12 linakuwa limetoka mita 330 nyuma. Maana yake ni kwamba anayetaka kuvuka salama anapaswa kukadiria mwendo wa kitu kilicho umbali wa viwanja vitatu vya mpira na zaidi, katikati ya vitu vingine vinavyopishana, pengine gizani. Bibi anayetembea kwa mita 0.8 kwa sekunde anahitaji kuona karibu mita 490. Jicho la binadamu haliwezi kazi hiyo. Magari yakishushwa hadi kilomita 50, umbali unapungua kwa nusu, na dereva naye anapata muda wa kumwona bibi na kukanyaga breki. Sheria za Kenya na Tanzania zote mbili zimeweka kikomo hicho cha kilomita 50 kwa saa kwa maeneo ya makazi ya mjini. Shida ni kwamba barabara inapojengwa pana, nyoofu na laini, inamwambia dereva kwa lugha yake kwamba aende kasi, na kibao kimoja chenye namba 50 hakina uwezo wa kubishana nayo.

Wapo wasomi wa miji wanaokwenda mbali zaidi na kusema madaraja ya waenda kwa miguu yasijengwe kabisa, kwa sababu yanajengwa kwa ajili ya magari: kumwondoa mtu njiani ili gari lisisimame. Mwongozo wa kimataifa wa usanifu wa barabara za mijini uliotolewa mwaka 2016 unapendekeza vivuko vya usawa wa ardhi kila baada ya mita 80 hadi 100, na hiyo ni tofauti kubwa na madaraja yanayoachana kwa kilomita. Hoja yao ina uzito, na katika barabara nyingi za miji yetu ndiyo sahihi. Barabara yenye njia mbili au nne inayokatiza mjini haihitaji daraja. Inahitaji tuta lililojengwa vizuri, kivuko kilichoinuliwa, kisiwa cha katikati cha mtu kusimamia, taa, na askari anayemkamata dereva asiyesimama kwenye zebra.

Dar es Salaam imetoa ushahidi wa hilo ambao unastahili kujulikana zaidi nyumbani kuliko unavyojulikana nje. Shirika la Amend limekuwa likirekebisha maeneo ya shule za msingi jijini humo kwa kazi za bei ndogo: matuta, njia za miguu zilizotenganishwa na magari kwa nguzo fupi, vivuko vya zebra, alama, na wakati mwingine kuhamisha lango la shule kutoka barabara kubwa kwenda ya pembeni. Utafiti uliolinganisha shule zilizorekebishwa na ambazo hazijarekebishwa ulionyesha majeruhi wa barabarani miongoni mwa wanafunzi wakipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo, unaoitwa SARSAI, ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross. Hakuna daraja hata moja katika orodha ya kazi hizo. Kilichobadilishwa ni mwendo wa gari na mahali pa mtoto kukanyaga.

Lakini hoja ya kukataa madaraja yote inakwama Kimara. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2. Ili kuipata nafasi hiyo, mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa sehemu hiyo inahesabiwa mita 121.5 kutoka katikati kwenda kila upande. Watu waliobaki nyuma ya mstari huo wanaikabili leo barabara pana inayobeba malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, mabasi ya mikoani, daladala na bodaboda kwa pamoja. Kumwambia mkazi wa Mbezi kwamba daraja ni ishara ya utawala wa magari, kwa hiyo asubiri mpaka barabara ifikiriwe upya, ni kumpa jibu ambalo mtoto wake wa darasa la pili hawezi kuvukia kesho asubuhi. Barabara ikishakuwa njia nane, zebra peke yake ni mtego: gari la njia ya kwanza likisimama, linamficha mtu asionekane na gari la njia ya pili. Hapo panatakiwa taa za kusimamisha magari, au daraja, na mara nyingi vyote viwili katika sehemu tofauti za barabara hiyohiyo. Anayedai daraja Kimara anadai kitu cha lazima.

Kwa hiyo mabishano ya kujenga au kutojenga yanapoteza muda. Ya maana ni ya wapi, kwa umbo gani, na nani atalitunza, na hapo ndipo sauti za mkutanoni zinapostahili kusikilizwa kwa makini, kila moja kwa thamani yake.

Tuanze na mzee mwenye fimbo. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia sehemu zote na usafiri wa umma kwa kiwango kinachofaa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Daraja lenye ngazi peke yake linakiuka makusudio ya sheria hizo siku linapozinduliwa. Rampu nayo ina mgogoro wake, na wakazi wanaujua kuliko wasanifu: ikiwa pana vya kutosha kwa kiti cha magurudumu, bodaboda nao watapanda. Kwenye madaraja mengi ya Nairobi, mtu anayepita jioni husikia honi nyuma yake, akageuka na kukuta pikipiki yenye abiria wawili na gunia. Vyuma vya kuzuia pikipiki vikiwekwa mlangoni, mara nyingi vinamzuia pia mwenye kiti. Suluhisho lipo, ila halipatikani kwa mchoro wa ofisini. Mwendesha bodaboda hupanda darajani kwa sababu kituo cha kugeuzia kiko kilomita kadhaa mbele, na mafuta ni ya kwake. Akipatiwa sehemu ya kugeuzia iliyo karibu, sehemu kubwa ya ugomvi huo inaisha.

Muuza mboga naye ana hoja. Mamlaka za barabara huwaona wachuuzi wa darajani kama uchafu wa kufagiwa, na kila baada ya muda huwafagia kweli. Ni kweli kwamba meza zikijaa pande zote mbili, njia inabaki ya mtu mmoja, na hiyo ni hatari. Ila mwanamke anayeshuka kwenye gari saa tatu usiku atakuambia kwamba hupendelea kupita darajani wachuuzi wakiwa bado wapo, maana wana taa zao, macho yao na sauti zao. Wakiondoka, daraja hubaki na vibaka, na yeye huchagua kupambana na magari ya chini. Huo ni uamuzi wa mtu aliyepima hatari mbili na kuchukua ile anayodhani anaweza kuikimbia. Daraja lililosanifiwa upana wa ziada, lenye upande mmoja uliochorwa mstari kwa biashara ndogo na ada halali ya kaunti au manispaa, lingekuwa na ulinzi wa asili bila kuajiri mlinzi. Mwanza, ambako daraja la waenda kwa miguu la Furahisha lilizinduliwa na Rais John Magufuli mwaka 2017, na Manzese ya Dar es Salaam, ambako neno Darajani limekuwa jina la mahali, zinaonyesha jinsi kivuko kinavyogeuka haraka kuwa sehemu ya watu kukutania. Mipango inayokana jambo hilo hushindwa nalo.

Mwenye duka asiyetaka ngazi zimzibie mlango anaweza kuonekana mbinafsi. Hata hivyo ndiye anayekuja kwenye mikutano, na ndiye mwenye wakili. Madaraja mengi yamesogezwa mbali na mahali pake pa haki kwa sababu ardhi ya pale ilikuwa ya mtu mwenye sauti, ilhali kule mbele palikuwa wazi. Sheria za mazingira za nchi zote mbili, ya Kenya ya 1999 na ya Tanzania ya 2004, zinataka tathmini ya athari na ushirikishwaji wa wananchi, na Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya imeutaja ushiriki wa umma miongoni mwa maadili ya taifa. Lakini mkutano unaoitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi huwapata wenye maduka, wastaafu na wajumbe. Mfanyakazi wa usafi aliyevuka saa kumi na moja alfajiri yuko kazini. Mwanafunzi yuko darasani. Kibarua wa mjengo amekwisha kubeba karai la kumi. Hao watatu ndio wanaokufa, na muhtasari wa kikao hauna majina yao.

Pendekezo la makala haya kwa kipengele hicho ni la kawaida kabisa na halihitaji sheria mpya. Kabla ya kikao chochote, mamlaka ihesabu watu. Ihesabu wanaovuka, mahali wanapovukia na saa wanayovukia, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, siku ya kazi na siku ya soko. Magari huhesabiwa hivyo kwa kila mradi, tena kwa mashine. Idadi ya magari kwa siku ndiyo inayotumika kuhalalisha njia ya nne na ya tano. Mtu anayetembea hahesabiwi, na kwa sababu hahesabiwi, hitaji lake huingia kwenye bajeti kama huruma. Jiji la Nairobi lilipitisha sera ya usafiri usio wa magari mwaka 2015, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ahadi hiyo ilikuwa ya kupigiwa mfano barani. Kwa anayetembea kutoka Mukuru kwenda Eneo la Viwanda akiruka mitaro, bado ni ahadi.

Wahandisi wana pingamizi lao, na si la kupuuzwa. Wanasema barabara kuu ni mishipa ya biashara ya nchi nzima na ya majirani. Tuta au taa kila mita 100 zitachelewesha shehena, zitasababisha magari kugongana kwa nyuma, na ambulensi haitapita. Kwa sehemu za kati ya mji na mji, wana haki. Lakini kilomita 3 au 4 za Githurai au Kimara zikipitwa kwa kilomita 50 kwa saa badala ya 100, lori la kwenda Kigali linachelewa dakika mbili hivi katika safari ya siku kadhaa. Dakika hizo zikilinganishwa na foleni za mizani, za mpakani na za bandarini, hazionekani. Anayesema uchumi hauwezi kuzibeba hajataja bei ya upande wa pili: kitanda cha hospitali ya rufaa kinacholaliwa miezi mitatu na kijana wa miaka 24 mwenye nyonga iliyovunjika, na familia inayouza shamba kumtibu.

Linabaki suala la utunzaji, ambalo mikutanoni huulizwa mwishoni watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeipa serikali ya kitaifa barabara kuu, na limezipa kaunti taa za barabarani. Daraja linalovuka barabara kuu ni la Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Ngazi zake zinashukia kwenye mtaa wa kaunti. Taa inayopaswa kummulikia mpita njia imeachwa kati ya ofisi mbili. Tanzania ina mgawanyo unaofanana: TANROADS ina barabara kuu na za mikoa, na tangu 2017 TARURA ina barabara za mijini na vijijini zinazoungana nazo. Balbu ikiungua juu ya daraja, kila upande una barua ya kuonyesha kwamba si kazi yake. Nyaya zikiibwa, hali ni hiyohiyo, na baada ya miezi michache giza linarudisha watu chini kwenye magari, kisha misako inaanza upya. Wakazi wanaokwenda kwenye kikao kijacho kudai daraja wangefanya vyema kudai katika waraka huohuo jina la ofisi itakayolipia taa zake, fungu la bajeti litakalotumika, na namba ya simu ya kupiga taa zikizima, vyote vikiwa vimesainiwa kabla ya mkandarasi kuchimba shimo la kwanza.